Chakula Kinapitia Nyuma

Hii nyumba ya nguzo nyeupe hapa mjini Natchez imebadilisha mabwana wengi kuliko mjomba wangu alivyobadilisha wake zake. Tajiri wa pamba aliijenga kwa mikono ya babu zetu, watumwa wake. Vita vya kukomesha utumwa vikaigeuza hospitali. Ikawa nyumba ya wapangaji wazungu, kisha ya kuandalia maiti. Mwaka huu dada yangu Rosalind, daktari wa meno, ameinunua iwe ukumbi wa harusi.

Enzi za wapangaji, shangazi yetu Vernell ndiye aliyekuwa mpishi. Mtu mweusi alipitia mlango wa nyuma, basi. Siku alipoacha kazi aliapa: "Mlango ule sipiti tena hata nikiitwa na malaika." Kwa hiyo Jumapili ya ufunguzi Rosalind alitaka jambo moja tu: shangazi aingie wa kwanza, kwa mbele.

Nilikuwa barazani nikimalizia kupaka dari ile rangi ya buluu ambayo wazee wetu huamini inafukuza mizimu.

"Paka vizuri, Lucius!" Rosalind alinifokea kutoka dirisha la juu, simu sikioni.

"Mizimu ya humu inataka ndoo tatu, daktari!"

Shangazi akafika mapema, katoka kanisani, kofia pana imemfunika uso, sinia la pai za viazi vitamu mikononi. Akakanyaga ngazi ya kwanza.

"We mama! Chakula kinapitia nyuma!"

Dada yangu huyo. Brashi ikaniponyoka.

Shangazi akainua uso polepole. Huko juu simu ikaanguka, kisha miguu mitupu ikashuka mbiombio.

"Shangazi, jamani, sikujua ni wewe!"

"Najua hukujua. Na angekuwa mwingine?"

Mimi niliyezaliwa na domo nikainama kuokota brashi.

"Yule bibi mwenye nyumba niliyempikia alikuwa na sauti hiyohiyo," shangazi akasema. "Kumbe aliiacha humu ndani."

Dada yangu akaangua kilio kama mtoto aliyejikojolea darasani.

"Usinilowanishie pai. Shika sinia. Chakula kinapitia nyuma, si ndivyo? Haya, zunguka. Nitakuja kukufungulia."

Rosalind akazunguka, kichwa chini. Shangazi akaingia kwa mbele, nami nyuma yake, akapita sebule moja baada ya nyingine, akigusa kuta bila haraka. Tulipofika jikoni, mlango wa nyuma ukagongwa kwa unyonge.

"Subiri," shangazi akaitikia. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kuvua kofia, pini moja moja.