Mrija Usiojikunja

Jumanne ile Luhende alikuwa kwenye kibanda chake cha baiskeli pale Dutwa, anabadilisha waya wa breki ya mzee mmoja wa kanisani, simu ikaita. Alikuwa sista Winnie, nesi wa wodi aliyolazwa mama yake huko Bariadi. Alisema mrija umejikunja tena na dozi imekatika katikati. Luhende akamalizia kukaza nati, akajifuta grisi kwenye suruali, akapanda basi.

Mama yake, Milembe, alikuwa na uvimbe tumboni. Dawa yake ilikuwa ya kutiririka polepole kwenye mshipa, tone kwa tone, siku mbili mfululizo, na alipangiwa dozi nne. Dozi ikikatika njiani ilihesabiwa kama hakuipata. Hii iliyokatika ilikuwa ya tatu, na ilikatika kwa sababu ya mkono wa Milembe. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka saba, na hata sasa, akisinzia tu, mkono wa kulia uliendelea na kazi: unakwenda mbele, unachuma, unakunja kiwiko, unatia kifukoni. Kiwiko kikijikunja, mrija nao ulijikunja, na dawa ikasimama. Walipouhamishia mkono wa kushoto, wa kushoto nao ukaanza kuchuma, maana Milembe tangu ujana alisifiwa kwa kuchuma kwa mikono yote miwili.

Akiamka, pamba ilikuwa imejaa kando ya kitanda, nyeupe, haina jani hata moja. Manesi waliikusanya kwenye ndoo na kuipeleka chumba cha sindano, kwa kuwa pamba ya hospitali ilikuwa haijaletwa tangu Machi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alilalamika kwamba inamwasha puani, wakamsogeza karibu na dirisha.

Sista Winnie aliwahi kumfunga ubao mkononi ili kiwiko kitulie. Milembe aliamka analia, akisema shamba la watu litabaki na mvua itainyeshea pamba. Ikabidi wamfungue.

Luhende aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mrija, akaukunja, akaunyoosha, akaukunja tena.

"Huu hauna mbavu," akasema.

"Una maana gani?" Winnie akauliza.

"Waya wa breki unapita kona zote za baiskeli na haubanwi, kwa sababu ganda lake lina springi ndani. Huu mmeuacha mtupu, sista. Nipe mipya mitatu na siku kumi."

Winnie alimtazama mama, akaitazama chupa iliyosimama nusu, akafungua droo. Alimpa sharti moja tu: kinachogusa dawa kiwe cha hospitali, vya fundi vibaki nje. Luhende akasema hata yeye alikuwa na wazo hilohilo.

Springi aliitengeneza kwa waya wa dainamo ya baiskeli iliyokufa, waya mwembamba kama unywele, akauzungusha juu ya mrija kwa vidole ambavyo mwenyewe hakujua kama vinaweza kazi ya namna ile, kisha akauvisha ngozi nyembamba ya plastiki na kuibana kwa joto. Mrija wa kwanza aliuzungushia waya karibu karibu mno. Ukawa mgumu kama spoku, mtu akipinda mkono unamchoma. Wa pili aliachanisha mizunguko, nao ukajikunja palepale penye nafasi. Nusura autupe kwenye mtaro. Kisha akakumbuka kitu ambacho kila fundi wa baiskeli anakijua na hakuna anayekisema: waya wa breki hauharibikii katikati, unaharibikia mdomoni, pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Mrija wa tatu akauanza kwa mizunguko ya karibu pale mdomoni, akaiachia kidogo kidogo kadiri ulivyokwenda mbele.

Kila mrija aliujaribu kwenye kiwiko chake. Alifunga chupa ya maji kwenye mpini wa jembe, akaufunga mpini mgongoni, akaingia shamba la jirani yake Mayunga na kuchuma pamba kutwa nzima huku maji yakidondoka kutoka ncha ya vidole vyake. Waliopita barabarani walimwamkia, "Mwangaluka," wakaendelea na safari zao. Mayunga ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Kesho jaribu upande ule wa korongoni," alimwambia, "kule kuna pamba nyingi zaidi."

Mrija wa tatu ulichuma kutoka asubuhi hadi jioni na maji hayakusimama hata mara moja.

Winnie aliuchemsha kwenye mashine ya kutakasia vifaa mara tatu, akamwekea Milembe, wakairudia dozi ya tatu. Milembe alilala akachuma siku mbili, gunia zima, na dawa ikapita hadi tone la mwisho. Wiki iliyofuata tumbo lilikuwa limeshuka. Aliomba ugali na mlenda, akautukana mlenda wenyewe kwamba umepikwa na mtu asiye na mama. Luhende alisikia furaha hata akaona aibu, akatoka kwenda kulia nyuma ya jengo la kufulia, alikokuta watu wengine wawili wanalia kwa mambo yao.

Ikabaki dozi moja. Daktari alisema wazi kwamba hiyo ndiyo ya kumaliza kazi, isicheleweshwe zaidi ya wiki mbili.

Haikuja. Winnie aliuacha mrija mkononi na kuupitishia maji ya chumvi usizibe. Alhamisi maji ya chumvi nayo yakaisha. Mrija wa kawaida ungeziba kwa damu kabla ya jioni, lakini wa Luhende ulibaki wazi, kwa kuwa ndivyo ulivyotengenezwa. Saa tisa alasiri, ndugu wamekuja kuona wagonjwa, mtu akakohoa ndani ya mrija.

"Hodi," sauti ikasema. "Hapo ni wapi?"

"Wodi ya wanawake, Bariadi," Winnie akajibu, akiinama kwenye mkono wa Milembe. "Na huko?"

"Bohari ya dawa. Mimi naitwa Hashimu, mtunza stoo."

Hakusema bohari ipi, na wao hawakuuliza. Alimwamkia Milembe shikamoo, Milembe akaitikia na kumuuliza habari za watoto. Watoto walikuwa wazima. Kisha Hashimu akasema boksi lenye jina la Milembe analo, tena amelikalia, kwa sababu kiti chake kilivunjika mwaka jana.

Luhende alisogea. "Mdomo wa mrija uko wapi huko kwako?"

"Hapa mezani, mbele yangu."

"Basi si umimine, kaka! Mimina humuhumu. Mama huyu hapa, mrija uko wazi."

Feni ya huko ikasikika inazunguka. "Ningemimina sasa hivi," Hashimu akasema, na ilisikika kwamba anasema kweli. "Fomu haina saini. Bwana anayesaini yuko semina."

"Anarudi lini?"

"Wiki ijayo. Ila akirudi kuna semina nyingine."

Winnie akatikisa kichwa taratibu. Alizijua fomu hizo, yeye mwenyewe alikuwa na yake ya uhamisho tangu mwaka juzi.

Siku zilizofuata Hashimu alipitisha kila kisichohitaji saini. Harufu ya chai ya tangawizi ilifika saa nne asubuhi, wodi nzima ikaisikia. Mchana alielekeza feni kwenye mrija, na Milembe akapata upepo. Alimwekea kwaya za redio, ingawa yeye alikuwa Mwislamu na hakuzijua nyimbo zenyewe. Milembe naye hakutaka kuonekana mchoyo. Alisukuma pamba yake ndani ya mrija, uzi kwa uzi, hadi Hashimu akapata ya kujaza mto. Alishukuru sana. Alisema boksi lilikuwa likimuumiza kiuno.

Tumbo la Milembe likaanza kupanda tena.

Siku ya kumi na mbili ya kuingoja dozi Luhende aliinuka, akatoa koleo mfukoni, akaubana mrija kwa nguvu zake zote. Hakutaka tena kumsikia yule mtu mpole anayeomba radhi kila saa. Kwaya iliendelea kuimba vilevile. Alikuwa ameutengeneza vizuri mno, na kwa mara ya kwanza maishani alijutia kazi yake.

"Mwache, ng'wanawane," mama yake akasema. "Anatumwa tu huyo."

"Anatumwa na nani, mayu?"

Milembe alikuwa amesinzia, mkono umeshakwenda mbele. Jumamosi asubuhi walimkuta kiwiko kimejikunja na pamba imejaa kiganjani. Winnie aliitumia hiyohiyo kumwandaa marehemu, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Hashimu alisikia vilio, akazima redio kwa siku tatu.

Baada ya mazishi Winnie alimkabidhi Luhende mrija. "Mali yako, fundi," alisema, naye alikuwa amevimba macho. Luhende akautundika kibandani Dutwa, pamoja na nyaya za breki. Kila asubuhi Hashimu alimwamkia, naye akaitika. Wateja walizoea, wengine wakawa wanamsalimu Hashimu wenyewe na kumuuliza bei za huko.

Mwezi wa nane, Luhende akiwa anaziba pancha, Hashimu akasema, "Fundi, saini imetoka. Ya mama."

Luhende akaweka pampu chini. "Unajua kwamba mama hayupo."

"Najua, kaka. Nililia mimi. Lakini fomu inasema itoke leo, kwa jina lake."

"Mpe mgonjwa mwingine."

"Mwingine ana fomu yake."

Luhende akautungua mrija. Kisha akakinga karai la kupimia pancha. "Mimina," akasema.

Ilitiririka siku mbili, tone kwa tone, kama ilivyoandikwa. Alifunga kibanda, akakaa pembeni ya karai, na kila baada ya muda aliukunja mrija kwa mazoea ya fundi, kama kiwiko kinavyojikunja, kuona kama utabana. Haukubana hata mara moja. Tone la mwisho lilipoanguka, Hashimu aliuliza aandike nani amepokea. Luhende akamtajia jina la mama yake, herufi kwa herufi.

"Asante," Hashimu akasema.

Kalamu ikasikika kwenye karatasi. Kisha boksi jingine likaburutwa sakafuni, la mama mmoja wa kijiji cha Kimali, na Hashimu akaweka juu yake mto wake wa pamba, akakaa.