Trauti wa Mize

Mshipi ulipaa nyuma, ukajikunja hewani, kisha ukarudi na kumwangukia Mize kichwani. Ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, iliyokusudiwa kumhadaa samaki aidhani nzi, ikanasa kwenye mtandio wake juu kidogo ya sikio. Akasimama pale ukingoni, ufito mkononi, asithubutu kugeuza shingo.

"Usitikisike," alisema Chelagat, akijitahidi kuficha kicheko. "Leo tumevua Mzanzibari."

"Cheka, shoga. Cheka tu. Mtandio huu ukichanika utanishonea mwingine."

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Aprili. Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, la kuchimbwa, limelala kati ya reli ya Metro na safu ya micheri iliyokuwa imeanza kupukutisha maua. Juma lile lori la jimbo lilikuwa limefika na matangi yake na kumimina majini samaki wa trauti waliofugwa, kama lifanyavyo kila machipuko, na wavuvi walikuwa wamejipanga ukingo wa pili wakiwa kimya kama watu walio msikitini. Maji yalikuwa baridi ya kuuma. Chelagat aliichomoa ndoana kwa vidole viwili, akampa rafiki yake ufito upya.

Wote wawili walikuwa madereva wa mabasi ya mji. Walijuana katika chumba cha mapumziko cha karakana, wakigawana chai ya chupa ya Mize. Chelagat alizaliwa nyanda za juu za Kericho, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mito ya trauti, na alivua tangu utotoni. Alipohamia Maryland alistaajabu kukuta samaki wale wale wakimwagwa ziwani karibu na kwake, akahisi kama ametembelewa na jamaa.

Mize hakuwa na udugu wowote na trauti. Alikuja kwa sababu Chelagat alimgongea mlango kule Takoma Park, akiwa na fito mbili begani, na hakukubali kuondoka peke yake.

Vuli iliyopita madaktari walikuwa wamemwondoa Mize titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Ugonjwa umetoka, walisema; wataendelea kumpima. Yeye alilisikia hilo la pili tu. Toka hapo maisha yake yakawa ni kusubiri: asubiri picha, asubiri majibu ya picha, na majibu yakija mema, asubiri picha nyingine. Mkono nao ukagoma. Ulipanda hadi usawa wa bega ukakoma, kama mlango uliokomewa kwa ndani. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kuupandisha ukutani kwa vidole, kila siku juu kidogo. Alifanya hivyo majuma machache, kisha akaacha. Alichoka kusimama mbele ya ukuta unaomwonyesha kila kukicha mahali uwezo wake unapoishia.

Karakana walikuwa wamempa nafasi ya kukaa ofisini kujibu simu, badala ya kurudi kwenye usukani ule mpana kama sinia la biriani. Alikuwa karibu kukubali, na si kwa sababu ya mkono peke yake. Dereva huianza njia akijua ataimaliza. Mize hakuwa tena na imani hiyo.

Halafu kulikuwa na Nahla, mwanawe wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu baba mtu alipofariki. Nahla alikuwa ameposwa na Zuhair, kijana wa Temple Hills, na watu wa Zuhair walitaka kujua harusi itakuwa mwezi gani. Kila alipoulizwa, Mize alijibu, "Tutaona." Zamani neno hilo lilipotoka kinywani mwake lilikuwa na tabasamu ndani yake. Sasa lilitoka kavu.

"Unalazimisha," Chelagat alimwambia. "Hii si kuchapa mtu kiboko. Inua, halafu ngoja. Ngoja mshipi unyooke huko nyuma, ndiyo uulete mbele. Wewe unaukimbiza kabla haujafika."

"Nitajuaje umefika, na siuoni?"

"Utauhisi. Utakuvuta kidogo tu."

Mize akajaribu, na bega likamchoma. Akauteremsha ufito.

"Nakujua wewe, Chelagat. Umenileta hapa kunitibu mkono kwa hila."

"Mkono una wenyewe huko hospitali. Mimi nimekuleta uvue. Umekaa ndani ya nyumba mpaka umeanza kufanana na hilo kochi lako."

Mize alicheka bila kutaka, na kicheko kikamshangaza, maana kilitoka kizima.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine tena. Alijifunza kusimama upande, kuuacha mkono uanzie kwenye kiwiko, kutokamata ufito kama anayekamata mwizi. Asubuhi moja, akiwa anawaza mambo ya sokoni, akauhisi: mvuto mwepesi nyuma ya bega, kama mtoto anayemshika mamaye pindo la kanga. Akauleta mkono mbele. Mshipi ukanyooka juu ya ziwa na kutua polepole, na ndoana ikakaa juu ya maji bila kuyatia mshituko. Hakuna samaki aliyekuja. Mize alisimama akiitazama kwa muda mrefu. Siku hiyo alirudi nyumbani na njaa, akala mpaka Nahla akamwangalia kwa mshangao.

Mwisho wa Aprili Chelagat alipangiwa zamu ya Jumamosi, basi Nahla ndiye aliyempeleka mama yake ziwani. Alikaa kwenye benchi na viatu vyake vya ofisini, simu kiganjani, huku poda ya njano ya maua ya miti ikitua kila mahali. Baada ya kitambo akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama yake Zuhair amepiga tena. Kumbi zinajaa. Wanahitaji japo mwezi.

"Tutaona," alisema Mize, macho majini.

"Umesema hivyo tangu Desemba."

"Unataka nikuahidi nini, Nahla?" Mize aligeuka, na sauti yake ikavuka ziwa kiasi cha mvuvi wa ng'ambo kuinua kichwa. "Nikuahidi nitakuwapo? Nani amenipa mimi ahadi hiyo, nikupe na wewe?"

Nahla aliiweka simu pembeni. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, taratibu, akichagua kila neno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama, mimi siogopi wewe uumwe. Ukiumwa mimi nipo, tutakwenda hospitali. Mimi naogopa... wewe umeshaondoka. Uko nyumbani, lakini umeshaondoka."

Mize aligeukia maji. Aliurusha mshipi vibaya, ukaanguka miguuni pake. Akauvuta, akaurusha tena, vibaya tena. Machozi yalimteremka naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nahla alivua viatu, akaja kusimama kando yake, nyayo zake kwenye nyasi zenye umande. Wakakaa hivyo, bega kwa bega. Treni ikapita kuelekea mjini.

"Zuhair anapenda samaki?" Mize aliuliza hatimaye.

"Anapenda wa kukaanga. Wa mchuzi hali."

"Hali mchuzi? Mtu wa wapi huyo? Na mama yake anamtazama tu—"

Maji yakapasuka. Ufito ukapinda hadi ncha yake ikagusa ziwa.

"Mama!"

"Nimeona! Nenda, chukua wavu!"

Samaki alikata kulia, akakata kushoto, akaruka nje ya maji, ubavu wake ukimetameta mstari wa waridi. Mize aliuinua ufito juu, kama Chelagat alivyomwagiza siku zote, juu zaidi, akirudi nyuma hatua kwa hatua, akimwachia mshipi anapokimbia na kumdai anapochoka. Nahla alikuwa ameingia majini mpaka magotini na suruali yake ya kazi, wavu wa mkono mbele, akipiga kelele kwa lugha zote mbili. Trauti akasogea. Wakayaona macho yake. Akajipinda mara moja, ndoana ikamtoka, akazama.

"La!" Mize alikanyaga ardhi. "La hasha! Huyu hanipotei. Jumamosi nitarudi, na asipokuwapo Jumamosi nitakuja ile nyingine, na nyingine, mpaka joto liwafukuze!"

"Joto likiwafukuza je?" Nahla aliuliza, akitoka majini huku akitetemeka na kucheka.

"Chelagat kasema lori linarudi Oktoba. Oktoba pia nitakuwa hapa."

Alijisikia alivyosema. Oktoba. Neno lilikuwa limemtoka jepesi, bila kuomba ruhusa. Nahla naye alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mama yake, kisha akautazama mkono wa kulia, ambao bado ulikuwa umeushika ufito juu ya kichwa, umenyooka. Mize alifuata macho ya mwanawe. Hapo ndipo maumivu yalipomfikia, makali, nayo akayapokea kama mgeni aliyechelewa. Akauteremsha mkono polepole.

"Waambie akina Zuhair Novemba," alisema.

"Novemba?"

"Oktoba nina kazi. Hukunisikia?"

Nahla alimkumbatia, maji yakiwadondokea wote wawili, kisha akakimbilia simu yake. Mize alimsikia akiongea kwa haraka, Kiingereza tena, akitaja mwezi huo na kuurudia kama anayejaribu uzito wake mkononi. Yeye aligeukia ziwa. Duara la samaki aliyetoroka lilikuwa limekwisha kutulia, maji yamekuwa kioo. Kwa mbali, karibu na kivuli cha ng'ambo, mbali kuliko mshipi wake ulivyowahi kufika, samaki mwingine aligusa uso wa maji na kuacha mviringo mdogo.

Mize akalisuguasugua bega, akavuta mshipi zaidi, ufike kule.