Chembe za Zirkoni

Saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, Lornah alifika nyumbani kwa Profesa Siddharth Laxmidas, Milimani, akihema. Saa nne kamili profesa alikuwa azungumze kwa video na wanajiolojia wa nchi kumi. Alitaka kuwaambia kwamba kisiwa kimoja cha Karibi, ambacho wote waliamini kilizaliwa na volkano baharini, kimekalia kipande cha bara la kale. Alikuwa ameshikilia hilo miaka thelathini, huku akichekwa. Sasa Lornah, mwanafunzi wake wa uzamifu, alikuwa amempa ushahidi: chembe za zirkoni, madini yanayotunza umri wa mwamba, kutoka miamba ya msingi ya kisiwa hicho, zenye umri wa miaka zaidi ya bilioni mbili na nusu.

"Prof, usiongee leo."

"Kwa nini?" Alikuwa akifunga tai mbele ya kompyuta.

"Natoka kwa Obonyo." Obonyo ndiye fundi aliyewasagia mawe. "Siku moja kabla ya mawe yetu, alisaga graniti ya hapa Seme. Umri wake ni uleule."

"Obonyo huosha mashine."

"Siku hiyo maji yalipotea. Alipiga brashi tu."

Mikono ya profesa ilitulia shingoni.

"Kwa hivyo chembe ni za Seme?"

"Sijui. Hata wewe hujui."

"Nitangaze leo, tupime tena baadaye."

"Basi ondoa jina langu kwenye utafiti huu." Bila saini ya mzee huyu, Lornah asingehitimu.

Nyuso zilianza kujitokeza kwenye skrini. Profesa aliketi, akakohoa.

"Nilikuja na habari kubwa," alisema. "Mwanafunzi wangu ameniambia huenda ni uchafu wa mashine yetu. Sina cha kuwaonyesha."

Mtu mmoja alicheka. Profesa alizima kompyuta, akatoka chumbani bila kumtazama Lornah.

Kwa wiki mbili profesa hakupokea simu zake. Lornah aliosha mashine mwenyewe, akasaga mawe yaliyobaki, akayapeleka kupimwa. Majibu yalipokuja alirudi Milimani.

"Miaka milioni mia moja na kumi," alisema. "Ni volkano, Prof."

"Zote? Hakuna hata chembe moja ya kale?"

"Hata moja."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Andika hivyohivyo kwenye tasnifu yako," alisema. "Nitatia saini. Lakini usiniombe niisome leo."