Namba ya Bwana Dresa

Hivi Evarista, umewahi kumchukia mtu kwa utulivu, kama mtu anavyopika maharage makavu: moto mdogo, kifuniko juu, bila haraka? Mimi nimewahi. Miaka minne. Na siku yalipoiva nilikuwa nimeketi nyuma ya meza katika zahanati ya misheni, nje kidogo ya Iringa, kalamu mkononi, na mtu mwenyewe amesimama mbele yangu ameshikilia suruali kiunoni kwa mikono miwili.

"Jina?" nikamwuliza.

"Saulo."

Alikuwa Jailos. Nilimjua kwa masharubu yale membamba na kofia ya kaki aliyoifinya kwapani, maana zamani nilizoea kumwona kwa mbali akipita barabarani. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Mbeya ili akatibiwe asikojulikana. Mimi hakunitambua, na angenitambuaje? Hakuwahi kuniona. Aliwahi kuniandika tu.

Mwaka hamsini na nne nilikuwa mke wa Yotamu, Mnyakyusa, kwenye vilima vya nje ya Mbeya, kule ambako ukungu hauondoki uani mpaka saa nne. Yotamu alikuwa wa kikosi cha barabara. Masika ile alishinda na kaptula iliyolowa tangu asubuhi hadi jioni, akaanza kujikuna kwenye kinena, akidhani sioni. Niliona. Vilikuwa vipande vya mviringo, kingo zake nyekundu, katikati pakavu pamechakaa kama ganda la kiazi. Nikamwambia, "Nenda kwa dresa."

Dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa serikali, alikuwa Jailos. Ndani ya jalada la rejista yake ilibandikwa orodha ya magonjwa, kila ugonjwa na namba yake, ili mwisho wa mwezi hesabu ya kupeleka bomani iwe rahisi. Choa, vile vipande vya mviringo, kilikuwa arobaini na moja. Kaswende ilikuwa ishirini na mbili. Sasa, ili uandike arobaini na moja lazima mtu afunuliwe, uiname, usogeze taa. Ishirini na mbili haikuhitaji hayo. Wanaume walipanga mstari, Jailos akauliza "Wapi?", mtu akaonyesha chini kwa kidole, na kabla kidole hakijarudi wino ulishakauka.

Na namba ile ilikuwa na mkia. Jina la mke liliandikwa kwenye kikaratasi, kikapelekwa kwa jumbe, ili naye aitwe kuchomwa sindano. Jumbe alikisoma barazani. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa pale pale.

Yotamu alirudi nyumbani. Alijua kwamba hajalala nje hata siku moja. Basi kama ugonjwa umo ndani ya nyumba, nani ameuleta? Hivyo ndivyo namba ilivyofikiri badala yake. Baba mkwe, ambaye kwa desturi yao sikuruhusiwa hata kupishana naye njiani, alimtuma dada yake, Asukile, shangazi wa Yotamu, akasimama mlangoni pangu.

"Kaka anasema hivi: ng'ombe zake hazikuoa ugonjwa."

Nilikunja mkeka. Lori la mchele lilikuwa linapita kwenda Iringa, kwa baba yangu. Yotamu alisimama uani akiangalia miguu yangu. Dereva alipiga honi mara mbili, nami nilikuwa bado nimesimama, nikimngoja. Hakufungua mdomo. Nikapanda juu ya magunia.

Kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la nne, Sista Klementina wa zahanati ya misheni alinichukua, kwanza kufua bandeji, halafu kuandika rejista, yenye orodha ile ile ya namba za serikali. Yeye alimfunua kila mgonjwa, hata mzee aliyekuja kung'olewa jino. "Macho kwanza, Yudith, ndipo kalamu." Siku moja akaja mfanyakazi wa barabara. Sista akatoka nyuma ya pazia akisema: mviringo, kingo nyekundu, katikati pakavu, andika choa, mpe mafuta ya kupaka, wiki tatu atapona. Niliandika vizuri, nikakausha wino, ndipo nikaijua ile ya kinena cha Yotamu: arobaini na moja.

Basi huyo ndiye Jailos niliyekuwa naye mbele ya meza. Sista alimchukua nyuma ya pazia, akatoka akitikisa kichwa. "Ameogopa kaswende, akajipaka dawa kali mwenyewe mwezi mzima. Ngozi imeungua. Hana kaswende. Andika ugonjwa wa ngozi." Akaenda kwa mama aliyekuwa anajifungua.

Niliandika Jailos, si Saulo. Niliandika ishirini na mbili. Nikavuta kikaratasi.

"Jina la mke?"

Alikuwa amezoea kusoma rejista hata ikiwa imegeuzwa. "Mama, umekosea! Sista ameniangalia!"

"Una bahati. Yotamu wa kikosi cha barabara hakuangaliwa. Jina la mke, bwana dresa. Si Damari?"

Uso wake ulipauka kama uliopakwa majivu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kikaratasi. Kakae kwenye benchi."

Nilimweka katikati ya akina mama wenye watoto hadi saa sita. Sitakudanganya, nilifurahi. Bibi mmoja wa Kihehe alimtazama akasema, "We baba, hiyo suruali inataka kukukimbia?" Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao, nikichora mstari chini ya jina lake.

Saa sita nikampa karatasi: aandike kweli yake, au kikaratasi kiende kwa jumbe. Akaandika: *Mimi Jailos, dresa, niliandika ugonjwa wa Yotamu pasipo kumfunua.*

"Ongeza na wengine."

"Wengine ni wengi, mama."

"Basi andika ni wengi."

Nakala moja ya jumbe, moja ya mchungaji. Ndipo nikachana kikaratasi na kusahihisha rejista. Usidhani nilimwonea huruma. Nilimfikiria Damari, amesimama uani na mkeka. Yule mwanamume, niliposikia ameachishwa kazi, nilichinja kuku.

Baada ya mavuno Yotamu akaja Iringa na Asukile, na blanketi jipya. Nilikuwa namenya viazi. Walisalimia, baba yangu akawapa viti, akaondoka.

"Barua imesomwa barazani," Yotamu akasema. "Baba amesema urudi. Wazee wa kanisa wamesema urudi."

Nikaendelea kumenya.

"Mke wetu," Asukile akasema, "hata jiwe hulowa."

"Yudith," akasema Yotamu, na sauti yake ilikuwa imepanda, "dresa amekiri. Baba ameomba radhi, yeye ambaye haombi. Wote wamekwisha kusema. Sasa wewe ulitaka nini tena?"

Niliweka kisu chini. Nilimwangalia usoni, maana yeye alikuwa tena anaangalia miguu yangu.

"Nilitaka uniulize," nikamwambia.