Vitanda Juu ya Matofali

Saa moja asubuhi kifusi kilikuwa kimeshashindiliwa mara tatu, na fundi Nazari bado hajaridhika. Alikuwa anapita chumba kwa chumba akikanyaga kwa kisigino, hapa anasema sawa, pale anasema mwageni maji, rudieni. Wanawake waliokuwa wanaleta ndoo kutoka mtoni walishaanza kumcheka.

"Fundi, hii ni wodi ya wazazi au kaburi la mtemi?"

"Kaburi haliinuliwi sakafu, mama. Mwaga maji hapo kwenye kona."

Siku hiyo walikuwa wamwage jamvi, zege la sakafu. Saruji ilikuwa imepangwa chini ya turubai, kokoto zimerundikwa mlangoni, na watu wa kujitolea walikuwa zaidi ya arobaini. Kijiji kizima cha Mbingu kilikuwa kinaingoja wodi hiyo. Mpaka mwaka ule wa tisini na sita, mama akishikwa na uchungu mbaya alipakiwa kwenye baiskeli, godoro nyuma, mume mbele, hadi Ifakara. Wengine walifika. Wengine hawakufika, na kila mtu kijijini alikuwa na jina lake la kutaja.

Jengo lenyewe lilikuwa dogo: vyumba viwili na baraza. Kuta za matofali ya kuchoma zilishafika kwenye linta, fremu za milango na madirisha zimeshasimama. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti na ramani. Ramani ilisema sakafu iwe sentimita kumi na tano juu ya ardhi. Nazari alikuwa ameiinua mpaka sitini.

Hakuota ndoto. Pembeni ya kiwanja ulisimama mti mrefu wa mvumo, na kwenye shina la mvumo huo kulikuwa na makovu ya panga. Baba yake Nazari ndiye aliyeanza: kila masika, maji ya bonde yakifika kilele chake, anakwenda na panga anapiga alama moja. Alipofariki, mwanawe akaendelea. Alama ya juu kuliko zote ilikuwa usawa wa paja la mtu mzima. Kabla ya kuweka hata tofali moja, Nazari alichukua mpira wa maji, ule mpira mweupe wa mafundi wa kupimia usawa, akashika ncha moja kwenye alama ile na ncha nyingine akampa mkewe Apolonia aishike kwenye kigingi cha msingi. Maji yalipotulia ndani ya mpira, akachora. Sakafu ikae hapo, si chini ya hapo.

Na gharama? Hakuna. Udongo wa kujazia ulitoka kwenye kichuguu, ule unaoshikana hadi jembe linagonga kama jiwe. Aliuleta Ndaki, Msukuma mwenye ng'ombe upande wa mbugani, kwa mkokoteni wake, siku kumi na moja bila kudai hata soda. Matofali ya ziada walichoma wenyewe.

Apolonia ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote. Masika ya ile alama ya juu, yeye alikuwa na mimba ya miezi tisa. Chumba cha kujifungulia cha zamani, kule zahanati, kilikuwa na maji ya magotini, vitanda vimelowa, chupa za dawa zinaelea. Nazari akampandisha kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo wanachokaa shambani kulinda mpunga. Mtoto akazaliwa juu, maji yakipita chini. Wakamwita Safina. Jirani yao alijifungulia kule kule zahanati, kwenye kitanda kilicholowa, akafa siku ya nne. Nazari hakupenda kuizungumza habari hiyo, lakini alikuwa na hasira nayo, na hasira yake aliijenga kwa matofali.

Saa tatu Landrova ikaingia.

Akashuka Bwana Elineema, msimamizi wa majengo kutoka wilayani, shati jeupe, ramani imekunjwa kwapani. Mwenyekiti wa kijiji, Salvatory, alikimbia kumpokea mpaka kofia ikamdondoka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, karibu sana bwana mkubwa."

Elineema hakukaa. Alitoa futikamba, akapima mlangoni, akatazama ramani, akapima tena.

"Fundi, hii sakafu nani kakwambia?"

"Maji, bwana," alisema Nazari. "Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka kwenye mvumo, akamweleza alama moja moja. Elineema alisikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe haki yake. Kisha akapangusa jasho.

"Ndugu yangu, mti si kifaa cha vipimo."

"Basi kipi? Hiyo ramani imepimwa wapi?"

Elineema aliirudisha ramani kwapani. Lakini Nazari alikuwa ameshaiona karatasi ile siku ya kwanza: pale juu palikuwa na jina la wilaya nyingine, ya kule kwenye ukame ambako watu wanaomba mvua, likakatwa kwa kalamu, na pembeni pakaandikwa Mbingu.

"Ng'ombe wangu hawajasoma," Ndaki aliingilia, fimbo begani, "lakini maji yakija wanapanda kichuguu. Hamna anayewaambia, bhaba."

Watu wakaangua kicheko. Hata dereva wa Landrova alicheka. Elineema hakucheka.

"Sikilizeni. Ramani imepigwa muhuri. Wafadhili wameikubali hiyo, siyo hii ya kwenu. Mkaguzi wao akija, anapima. Akikuta sitini badala ya kumi na tano, ataandika mradi umekiukwa. Bati zenu ziko stoo Ifakara. Mimi ndiye ninayesaini zitoke. Nikisaini jengo lisilolingana na ramani, kazi sina. Na mimi nina watoto, jamani."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Salvatory, ingawa alishajua.

"Toeni kifusi. Sakafu irudi kwenye kipimo. Jioni nikirudi kutoka Mlimba nikute tayari, nasaini, bati zinakuja Jumatatu."

Gari likaondoka, likawaachia vumbi na mabishano.

Apolonia alikuwa wa kwanza. "Hakitoki kifusi! Tumebeba maji siku kumi na moja, migongo imekatika, leo mtu anakuja na kamba yake anasema toeni? Aje alale yeye humo mwezi wa nne!"

"Mama Safina, taratibu," alisema Salvatory. "Mimi nakubaliana na wewe. Lakini bati bei yake leo si ya mwaka jana. Hizi zikirudishwa, sisi wenyewe tutazinunua lini? Mvua ikinyesha juu ya kuta hizi bila paa, tutabaki na nini?"

"Tutaezeka nyasi."

"Wafadhili hawataki nyasi. Wodi ya nyasi haifunguliwi."

Watu walimtazama Nazari, na Nazari aliona machoni mwao kwamba walishaamua, na kwamba walikuwa wanaona aibu. Angeambiwa na Elineema pekee angegoma. Lakini aliyemwambia "samahani fundi" alikuwa mzee aliyechoma yale matofali kwa kuni zake mwenyewe. Ukweli wauma. Nazari aliokota sululu akapiga pigo la kwanza, ili asiwaachie wenzake dhambi ya kuanza.

Udongo wa kichuguu haukutaka kutoka. Walikuwa wameushindilia vizuri mno, na sasa kila pigo liliwarudia viganjani. Walichimba mchana kutwa. Walivunja vizingiti, wakang'oa fremu za milango na kuzishusha. Kufika alasiri, sakafu ilikuwa chini na madirisha yalikuwa juu, ukisimama ndani unaona mbingu tu.

"Kama rumande," alisema mtu mmoja. Hakuna aliyecheka.

Na kwenye kuta, vyumba vyote viwili, kulibaki mstari. Juu yake matofali mekundu masafi, chini yake weusi wa udongo uliokuwa umeshikana nayo. Mstari ulionyooka, juu kidogo ya magoti.

Konsolata, muuguzi wa zahanati, mwanamke asiye na maneno mengi, aliingia akasimama katikati akautazama.

"Fundi, hapo ndipo ilipokuwa sakafu?"

"Hapo."

"Na maji?"

"Hapo hapo."

Alisogea ukutani, akajipima. Mstari ulimfika pale ambapo godoro la kitanda cha hospitali huishia. Akageuka, akalitazama rundo la matofali mlangoni.

"Matofali mliyovunja mnayapeleka wapi?"

"Popote utakapo, sista."

"Niwekee. Manne kila mguu wa kitanda. Na rafu ya dawa ipigilie juu ya hapo, juu kabisa."

Elineema alirudi jua likielekea kuzama. Akapima kumi na tano, akasaini juu ya boneti ya gari. Kabla ya kupanda aligeuka. "Huo mstari upigieni lipu," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama Nazari. Nazari akaitikia. Na kweli alipiga lipu, wiki iliyofuata, laini, nyeupe. Ila kando ya mlango, lipu ikiwa bado mbichi, alichomoa panga akapiga alama moja fupi pale pale palipokuwa na mstari, kama zile za mvumo.

Wodi ilifunguliwa mwezi wa pili, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya upande wa milima ya Udzungwa. Bati ziling'aa. Ndani joto lilikuwa kama tanuri, lakini zilikuwa bati. Mgeni rasmi alikata utepe, akaingia na mpiga picha, akasita.

"Hivi vitanda mbona vimepandishwa juu ya matofali?"

Salvatory alimtazama Konsolata. Konsolata alimtazama Nazari aliyekuwa mlangoni. Elineema akajikohoza.

"Ni mila zao za huku, mheshimiwa."

"Ahaa." Mheshimiwa akatabasamu, akatikisa kichwa. "Mila nyingine tuziache, ndugu zangu. Tunakwenda kwenye karne mpya. Viondoeni, tupige picha."

Matofali yakaondolewa. Vitanda vikashuka, shuka zikanyooshwa, mheshimiwa akapigwa picha akiwa ameketi kwenye kimojawapo. Kisha kukawa na hotuba, ngoma, wali na kuku, na saa tisa msafara ukaondoka kuelekea Ifakara.

Gari la mwisho lilikuwa halijafika hata kwenye daraja. Apolonia aliweka chini sufuria alilokuwa analiosha, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia wodini. Wanawake wengine wakamfuata, hawakuitwa. Safina, miaka yake sita, alikuwa anawapokeza tofali moja moja.

"Mama Konsolata, manne au matano?" aliuliza mtoto.

Konsolata aliangalia alama iliyo kando ya mlango, halafu akatazama nje, kule kwenye mawingu.

"Matano."

"Haya," alisema Apolonia, akishika chuma cha kitanda. "Moja, mbili, inua!"