Anakula Kumbikumbi

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka kunywa chai, Waitara hushuka ukingoni mwa mto Mara na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, huichomeka majini na kuitazama. Fimbo ikipotea machoni karibu na uso wa maji, mto umechafuka na si siku ya kujisumbua. Ikionekana mpaka chini, mto umetakata. Kisha hupanda hadi bandani wanakolia chakula na kuandika ubaoni kwa chaki hali ya siku: maji, upepo, samaki gani wanakula, na wanakula nini.

Kambi hiyo ya uvuvi iko chini ya Mbalibali, na wageni wake hutoka mbali kuja kuvua kwa nzi. Nzi wenyewe si nzi. Ni ndoano ndogo iliyovikwa manyoya ya kanga na singa za mbuzi mpaka ikafanana na mdudu, ikarushwa juu ya maji kwa uzi mrefu ili samaki adanganyike. Akishadanganyika anavutwa, anashikwa kwa mikono iliyoloweshwa, anapigwa picha, halafu anarudishwa mtoni. Hiyo ndiyo sheria ya kambi na haina mlango wa nyuma. Watu wa Mbalibali walipoelezwa mara ya kwanza waliitikia kwa adabu. Mzee mmoja tu aliuliza kama huko wageni wanakotoka ng'ombe nao hurudishwa hivyo.

Waitara anaujua mwaka wa mto kama anavyoijua tabia ya baba mkwe wake. Januari na Februari maji ni ya kijani na samaki aina ya ningu wana njaa. Masika mto hubeba udongo wa wilaya mbili, basi anayetaka samaki na aende sokoni. Kiangazi nyumbu huzama huko juu wakivuka, mizoga hushuka, samaki hushiba mpaka wanakuwa na dharau, na hata uwarushie nzi wa dhahabu hawakutazami. Mto hupendeza tena mvua za kwanza za vuli, pale kumbikumbi wanapotoka ardhini na kuanguka majini wakipoteza mabawa. Wakati huo hata samaki mwenye akili anakuwa mjinga.

Ilikuwa Jumamosi ya namna hiyo. Ubaoni paliandikwa: Maji kahawia nyepesi. Upepo kidogo. Kuyu na ningu wako ukingoni. Wanakula kumbikumbi. Anold, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Tarime, alikuwa amekuja na wageni wake kupumzika. Alirusha nzi wake chini ya mti ulioinama, uzi ukakaza.

Kilichokuja kilikuwa kizito na hakikupigana. Waitara alidhani ni gogo, kisha akadhani ni kambare mzee, kisha akaona kofia ngumu. Alikuwa Vincent. Ndoano ilikuwa imeshika mdomo wa chini, upande wa kulia, mahali pazuri pasipoumiza sana. Alivaa mabuti yake ya mpira, na tochi yake ya kichwani ilikuwa bado inawaka, ingawa kwa unyonge.

Vincent alikuwa mchimbaji katika duara la Anold. Wakati wa masika duara hilo lilititia, na Anold akaeleza kila mahali alipoulizwa kwamba hakukuwa na mtu ndani. Wale ambao hawakuonekana tena nyumbani, alisema, walikuwa wameondoka asubuhi ile kutafuta machimbo mengine, na wachimbaji ndivyo walivyo, hawana kwaheri. Mtambo ukaletwa, shimo likafukiwa, na juu yake pakapandwa nyasi.

"Lowesha mikono kwanza, bosi," Waitara alimkumbusha.

Anold alilowesha mikono, akamkumbatia Vincent chini ya makwapa na kutabasamu. Picha ikapigwa. "Ni mkubwa," alisema. "Ni mkubwa, bosi," Waitara aliitikia. Vincent alimtazama mwajiri wake kama mtu anayesubiri zamu ya kuongea kwenye kikao, lakini mdomo ulikuwa umejaa maji. Wakamgeuza uso uelekee mkondo, kama inavyotakiwa, wakamshikilia mpaka alipopata nguvu, wakamwachia. Jioni picha yake ilibandikwa ukutani bandani, kati ya kuyu wawili wa miaka iliyopita, na Anold akawanunulia wote soda.

Waitara alimfahamu Vincent. Walikuwa wameoa nyumba mbili zinazopakana. Usiku huohuo alimpigia simu Boke, mke wa Vincent, huko Turwa.

"Mama Lilian, habari za huko? Shemeji yangu yupo huku mtoni."

Boke alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini. "Anaendeleaje?"

"Amepungua kidogo. Ila anakula. Anakula kumbikumbi."

"Alikuwa anawapenda tangu zamani," Boke alisema. Kisha akakaa juu ya gunia na kulia kwa sauti, kwa kuwa tangu masika alikuwa amejizuia, na sasa hapakuwa na sababu.

Kesho yake alifika kambini akiwa amebeba shuka mpya na sanda, maana alikuja kumchukua mume wake akamzike. Alikuwa hataki kingine. Alitaka kaburi lenye mtu ndani, Lilian apate pa kuweka maua, na mtu akimwuliza baba yake yuko wapi aweze kuonyesha kwa kidole.

Meneja wa kambi, Faustine, alimkaribisha kiti na kumpa pole, na alimaanisha. Halafu akamweleza kuhusu sheria. Mto ule hautolewi kitu. Wakimtoa mmoja leo, kesho mgeni atataka sato wa kukaanga, na kambi itakuwa imekwisha.

"Huyo si samaki, baba," Boke alisema.

"Najua, mama. Lakini amekamatwa kwa ndoano, amepigwa picha, amerudishwa. Kwa upande wetu ameshaingia kwenye utaratibu."

Boke alipiga picha ile ya ukutani kwa simu yake na kuipeleka ofisi ya wilaya, Tarime. Aliyempokea aliikuza kwa vidole viwili, akakubali kwamba mtu wa kushoto ni Anold na wa kulia anaonekana kuwa marehemu. Lakini mti ulioinama, alisema, uko ng'ambo, upande wa wilaya ya Serengeti, na mto ndio mpaka. Ofisi ya ng'ambo nayo iliikuza picha hiyohiyo na kuona kwamba mtu ameshikwa katikati ya maji, na tena alifia Tarime, kama alikufa. Wote wawili walimwita mama, na wote wawili walimwambia awe na subira. Penye wengi pana mengi, na Boke aliyasikia yote.

Ilibaki kwa mama mkwe. Kezia, mama yake Vincent, anaishi Rorya, na kwake ndiko Vincent alikotakiwa kuzikwa. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshazikwa. Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, badala yake huzikwa tunda la mvungunya, lile refu zito linaloning'inia kama mchi, ambalo wao huliita yago. Likishazikwa, mtu huyo amezikwa, watoto wananyolewa, wazee wanakula, na hakuna anayeuliza tena. Masika yale Anold, ambaye ni Mkurya lakini amekaa na Wajaluo na kuzijua desturi zao, ndiye aliyelileta tunda hilo kwa gari lake, pamoja na dume la ng'ombe na maturubai. Kijana amepotelea machimbo ya mbali, alimwambia Kezia, usimwache arande bila nyumba. Kezia alimshika mikono miwili na kumshukuru. Boke naye alipika chakula cha wageni, jambo ambalo linamchoma mpaka leo.

Mvungunya ulikuwa umeota juu ya kaburi na kufika kiunoni. Kezia aliuendea kila asubuhi, akausalimia na kuupalilia.

"Nyathina," alimwambia Boke, yaani mwanangu, "yago ikishazikwa imezikwa. Nitasemaje kwa wazee? Nilizaa Vincent wawili?"

"Mama, lile lilikuwa tunda."

"Nalijua ni tunda. Nililibeba mimi mwenyewe." Kezia alifunga jani moja la mti ule kwenye ncha ya khanga ya mkwewe. "Ukimwona, mwonyeshe. Mwambie nilimfanyia haraka kwa sababu niliogopa atapata baridi."

Boke alirudi Turwa na wazo moja. Kambi ile, ili iishi vizuri na majirani, hutoa siku ya wenyeji kila mwanzo wa vuli, ambapo yeyote wa vijiji vya pande zote mbili anaruhusiwa kuvua kwa nzi bila malipo, mradi arudishe. Kwa kawaida wenyeji huja kunywa soda na kuangalia. Boke alimwomba Waitara amfundishe.

Walifanyia mazoezi uani, uzi ukinasa kuku. Boke alirusha kama anayemtupia mbwa jiwe, kwa bega zima, na uzi ukamwangukia kichwani kama tambi. Waitara alieleza mambo ya kiwiko na mkono mpaka akachoka. Siku ya tatu Boke alimwambia anyamaze, akasimama kama anayepepeta ulezi, akanyanyua kwa viganja, akasita kidogo pale juu ambapo makapi hutengana na nafaka, kisha akashusha. Uzi ulinyooka wote na nzi akatua kwenye beseni la maji bila kurusha tone. Waitara, aliyewafundisha wageni wa mataifa saba, aliweka fimbo yake chini. Alikwenda kuwafungua kuku.

Boke alifunga nzi wake mwenyewe. Mabawa alitengeneza kwa manyoya ya kanga, na mwili kwa nyuzi alizochomoa kwenye shati la kahawia la Vincent, lile la kwenda kanisani.

Siku ya wenyeji ubao ulisema: Maji kahawia nyepesi. Upepo hakuna. Wanakula kumbikumbi. Vincent yuko chini ya mti ulioinama. Boke aliingia majini mpaka magotini, huku Waitara akiangalia mamba. Alirusha mara ya kwanza, akarusha mara ya pili, na uzi ukakaza taratibu, kama mtu anayeshika mkono wa mtu.

Alipomfikia, alilowesha mikono kwanza. Vincent alikohoa maji mengi kisha akamtazama.

"Lilian anasoma?" aliuliza.

"Anasoma. Hesabu zinamsumbua."

"Zilinisumbua na mimi." Alimeza mate. "Umekonda, Boke."

"Na wewe je?" Boke alimwonyesha jani la mvungunya na kumpa maneno ya mama yake. Vincent aliligeuza jani, akalinusa, akaliweka ndani ya kofia ngumu.

"Mwambie mama sina baridi," alisema. "Wenzangu bado wako ndani. Ndalahwa na Ombeni. Mimi ni mwembamba, nilipita maji yalipopita. Wao ni wanene, hawapiti. Wanagonga. Nikiwa juu huku kwenye mawe nawasikia. Waambie watu."

Ukingoni Faustine alinyanyua mkono. Sheria ya kambi ni kwamba aliyekamatwa asikae nje ya maji zaidi ya pumzi unayoweza kuibana wewe mwenyewe, na Faustine alikuwa amebana yake, mashavu yamejaa, kwa uaminifu kabisa. Boke hakumwachia Vincent. Alimshika kiunoni na kuanza kumvuta kuelekea nchi kavu, ambako shuka na sanda zilikuwa zimekunjwa juu ya jiwe. Alivuta kwa nguvu zake zote, na ni mwanamke anayebeba gunia. Walifika mahali ambapo maji yanaishia kwenye vifundo vya miguu, ndipo Vincent akaanza kutweta, midomo ikafunguka na kufumba, ngozi ikakakamaa.

"Niachie, mama," alisema. "Nasikia kiu."

Boke alimwachia. Alimgeuza uso uelekee mkondo, akamshikilia mpaka alipopata nguvu, na nguvu zilipomrudia aliteleza kutoka mikononi mwake. Faustine alipumua. Waitara alitazama pembeni, na watu waliokuja kunywa soda waliziweka chupa chini.

Boke aliyafikisha kote maneno ya Vincent. Aliyapeleka ofisi ya huku na ofisi ya huko, akayasema kanisani, akayasema mbele ya Anold mwenyewe sokoni Tarime. Anold alisikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akasema marehemu mara nyingi huchanganya mambo. Nyasi juu ya duara zimestawi. Pembeni yake Anold amefungua duara jipya, na vijana kutoka Shinyanga na Kigoma wanashuka humo kila asubuhi na tochi zao. Mke wa Ndalahwa alifunga safari kutoka kwao, na sasa analala kwa Boke. Wanawake wawili hurusha uzi uani, ingawa mmoja wao hana wa kumrushia bado.

Kila vuli Anold huja na wageni wake, na kila vuli humkamata Vincent mara moja au mbili. Picha ukutani zimeongezeka. Mdomo wake wa chini umekuwa na matundu mengi, na Boke anayajua yote, kwa kuwa hakuna hata moja alilolitoboa yeye. Tangu siku ile ya kwanza anafunga nzi wake kwenye kipande cha waya usio na ncha. Anarusha chini ya mti ulioinama, na Vincent humshika nzi kwa meno na kumng'ang'ania mpaka amfikie mkewe.

Ubaoni Waitara huandika maji, upepo na kumbikumbi. Hilo la kuvua bila ndoano haliandiki, kwa sababu wageni wangetaka kujaribu.