Kikwembe Juu ya Mkaratusi

Ndaya alikula bukari, ugali wa jana, akiwa amesimama, akanywa maji aliyotia chumvi kidogo, kisha akakata kucha zake fupi kabisa. Ndivyo mumewe Nkulu alivyofanya kila asubuhi ya kazi. Hakupanda mti na njaa wala kiu. Alikuwa akisema mkono wenye kiu hukakamaa, na mkono ukikakamaa juu ya mti hauombi ruhusa.

Gloire, binti yake mkubwa, alimkuta akivaa suruali ya marehemu.

"Mama, unaenda wapi na patalo ya papa?"

"Ku kazi. Pika maharagi. Usifungulie mutu mulango."

Hakueleza zaidi. Juu ya suruali alijifunga kikwembe, kitenge cha sare ya akina mama wa kanisa, cha buluu chenye picha za taa nyeupe, akatoka.

Kikwembe hicho kilikuwa nusu tu. Nusu nyingine Nkulu aliichukua akiwa hai, akimwambia, "Shefu hatupatie mukanda. Mi natafuta kitu ya kuegemea, mikono ipumuzike." Alikizungusha kwenye shina na kiunoni mwake, akaegemea nyuma, akaacha mikono ining'inie. Mara nyingi akiwa usingizini vidole vyake vilifunga vyenyewe vikamshika Ndaya kifundo cha mkono, naye alivifungua kimoja kimoja na kuvisugua kwa mafuta ya mawese.

Mwezi uliopita Nkulu alianguka kutoka kwenye mkaratusi, akafa. Symphorien, shefu wa wakata miti, aliwatangazia ofisi na mtaa mzima kwamba alikuwa amelewa, na kwamba alipewa mkanda akaukataa. Kanisa lao halitaki kusikia habari ya pombe. Kwaya ambayo Nkulu aliiimbia besi kwa miaka haikuja makaburini. Alizikwa kimya, udongo ukisikika ukigonga mbao. Tangu hapo, jirani akimimina makaa kwenye ndoo, Ndaya aliusikia ule udongo. Kila asubuhi aliamka mkono wake wa kulia ukiwa umefunga vidole, kama wa mumewe.

Kwenye furushi la nguo alilopewa mochwari alikuta kipande cha kikwembe, upande mmoja kimechanika. Akaenda kumuuliza Symphorien kilichobaki kiko wapi. Symphorien akamjibu kwamba hapakuwa na kitambaa chochote. Eti kilio kilikuwa kimemchanganya akili.

Asubuhi hii alipofika barabara ya mgodi, wapandaji walikuwa wameketi juu ya magogo. Mbele yao ulisimama ule mkaratusi, matawi yake yakigusa waya wa umeme. Tangu Nkulu aanguke hakuna aliyeugusa.

"Wakubwa banataka kurani ya umeme irudie saa sita!" Symphorien alifoka, simu mkononi. "Gael, panda!"

Gael alikuwa amefanya kazi na Nkulu tangu mwanzo. Akatikisa kichwa. "Ule muti ungali na mutu, shefu. Mi sipande."

"Mi nitapanda," Ndaya akasema.

Symphorien akageuka, akamtazama kuanzia miguuni. "Mama Gloire, rudia ku nyumba. Hapa si soko ya maboga."

"Kwetu Kasaji nilipanda miti kutafuta mafinkubala, viwavi ya kula, mbele sijaota maziwa. Weye unataka matawi ishuke. Mi nataka kazi. Banaume bako banakataa."

Mmoja wa wapandaji, Mbuyu, akacheka, kisha akaacha. Symphorien aliangalia simu yake, akaangalia jua. "Panda basi. Ukianguka, sikukutuma."

"Kwanza mukanda. Iko wapi?"

"Iko ku depo."

"Na ile bwana yangu alikataa, siku ile ilikuwa wapi?"

Gael akasema polepole, macho kwenye viatu vyake, "Nayo ilikuwa ku depo."

"Nani anakuuliza weye?" Symphorien akamkemea.

Ndaya alifunga msumeno mgongoni, akavua ndala, akapanda.

Ganda la mkaratusi lilikuwa laini, linachubuka mkononi. Lakini shina lilikuwa na ngazi yake: mikato midogo ambayo Nkulu aliichonga kwa panga, kila mkato mbali kidogo na mwenzake kuliko hatua ya mwanamke. Alikanyaga alipokanyaga marehemu. Miguu ibebe, alijiambia, mikono ishike tu. Usikumbatie mti. Nyoosha mkono, usiukunje. Shusha mmoja chini ya kiuno uukung'ute kabla haujauma, kwa sababu ukishauma umechelewa.

Akachelewa. Hasira ilimpandisha haraka, akasahau kukung'uta. Katikati ya mti vidole viwili vya mkono wa kulia vilijifunga vyenyewe. Kisha kiganja chote. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya shingo yake alisikia mtu anahema. Pumzi hizo hazikuwa zake; zilikuwa nzito, za mwanamume aliyechoka.

"Nangoya," akanong'ona. "Nakusikia. Ngoya."

Alifungua kikwembe kiunoni kwa mkono wa kushoto na meno, akakizungusha kwenye shina, akakifunga, akaegemea. Mkono wa kulia akauacha uning'inie kama kitu kisicho chake. Aliukung'uta, akapumua. Kwa mbali aliona mashimo ya wachimbaji na maturubai yao, na paa la kanisa. Kidole kimoja kikalegea, kisha kingine.

Ndipo akatazama juu.

Kikwembe kilikuwa hapo, karibu kabisa, kimefichwa na majani. Buluu yake ilikuwa imepauka upande wa jua. Fundo lilikuwa la Nkulu, la kurudia mara mbili, na halikuwa limelegea hata kidogo. Nguo ndiyo iliyochanika. Kando yake palikuwa na mkato wa msumeno usiomalizika, ulionyooka kama mstari wa daftari. Na chini ya fundo, kwenye ganda, palikuwa na mikwaruzo minne iliyoshuka sambamba, mirefu.

Ndaya aliweka vidole vyake juu ya ile mikwaruzo. Vilitoshana nayo.

Akashika fundo alifungue. Chini barabarani zilisikika sauti za wanawake: Mama Agnès, kiongozi wa kwaya, na wenzake wakienda mazoezi. Kutoka huko wasingeona kitu ila majani. Ndaya akaliacha fundo. Akachukua msumeno.

Alikata kwanza matawi yaliyogusa waya, kama alivyoagizwa. Kisha akakata mengine yote yaliyozunguka kikwembe, moja baada ya jingine, akibadilisha mikono, akipumzisha mmoja kabla haujauma. Aliposhuka na kujifunga tena nusu yake kiunoni, shina lilikuwa uchi, na nusu ya Nkulu ilipepea mahali ambapo kila apitaye angeiona.

Symphorien akakinga macho kwa kiganja. "Ile ni nini?"

"Kikwembe."

Wanawake walikuwa wamesimama. Mama Agnès aliangalia kiuno cha Ndaya, akaangalia mti, akarudia tena.

"Nkulu alikuwa anajifunga na kikwembe ya kanisa?"

"Mukanda ilikuwa ku depo," Ndaya akasema. "Mulevi hajifunge vile. Muangalie fundo."

Mama Agnès akashika mdomo. Akasema, "Kesho kisha ibada, tutaenda ku kaburi. Kwaya yote."

"Munachelewa. Lakini mukwende."

"Panda utoe ile kintu!" Symphorien alipiga kelele. "Wakubwa banapita hapa!"

"Mikono yangu inachoka, shefu. Panda weye."

Kuuangusha mti hakukuwezekana, ungelalia waya. Symphorien akageukia magogo. "Gael!"

Gael aliinua mkono wake mbele ya uso, akaufumba, akaufumbua. "Mukono yangu inakakamaa, shefu."

"Mbuyu!"

"Yangu pia."

Mpandaji wa mwisho alikwishaficha mikono yake kwapani.

Ndaya alikuwa ameshashika njia ya nyumbani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejifunga tena, kama vya Nkulu usingizini, na safari hii hakuvifungua.